Korosho za akina mama wa Mikindani: tamu, chumvi imezidi, na aliyebangua unamwona

Ukitoka Mtwara mjini kuelekea Mikindani, banda liko kando ya barabara upande wa baharini, mbao za buluu zilizopauka, mizani moja na meza mbili. Bango hakuna. Mwambie bodaboda "kwa mama wa korosho", atakufikisha.

Korosho zinakaangwa hapohapo kwenye jiko la mkaa, moto mdogo, na ukiwahi asubuhi unapewa zikiwa bado za moto. Zimekauka vizuri, hazina ule ukakasi wa ngozi ya ndani isiyomenywa. Robo kilo ya nzima ni Sh 7,000, ya vipande Sh 5,000. Kama ni za mchuzi wa kuku, nunua vipande, usijisumbue. Lawama zangu ni mbili. Chumvi wanamwaga kama wanakausha samaki. Halafu mifuko wanaifunga kwa moto wa mshumaa, inaachia, na korosho zinalegea kabla hujazimaliza.

Ila sababu ya kuandika yote haya ni ukuta wa nyuma wa banda. Pale, kwa chaki, wameandika ujira wa kubangua kilo moja, wa nzima mstari wake na wa vipande mstari wake. Mteja anausoma, mbanguaji anausoma. Nilimuuliza mama anayesimamia kwa nini wameuanika hivyo. "Ili mtu asinidai kwa kelele, kaka. Asome mwenyewe." Wabanguaji wanakaa uani, kila mmoja na mashine yake ya mkono, wamevaa glovu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Mmoja wao alinionyesha vidole vyenye mabaka meusi, ya enzi alipokuwa anabangua nyumbani kwa kujipaka majivu tu.

Mimi ni wakala wa forodha. Korosho ghafi zetu nyingi huvushwa kwenda India na Vietnam, zibanguliwe huko, wakati baadhi ya viwanda vya kubangua vilivyojengwa huku kusini tangu miaka ya 70 viligeuka maghala. Mzigo hauondoki bila cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea, cha ufukizaji wa kuua wadudu, na karatasi ya ubora inayotaja hadi unyevu. Katika makaratasi yote hayo sijawahi kukuta mstari unaouliza nani atabangua, na kwa malipo gani.

Na si swali la kinadharia. Mwaka 2011 Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, walitoa ripoti kuhusu vituo vya Vietnam walikofungiwa watumiaji wa dawa za kulevya, wengine miaka, bila kufikishwa mahakamani, wakilazimishwa kufanya kazi. Mojawapo ya kazi hizo ilikuwa kubangua korosho. Vietnam inanunua ghafi kutoka nchi nyingi, na zikishamwagwa ghala moja hakuna wa kukuonyesha ipi ilitoka Newala, huku kusini.

Kanuni za biashara za dunia hutazama zaidi kitu chenyewe kuliko mkono uliokitengeneza. Mkataba wa GATT wa mwaka 1947 kuhusu biashara ya bidhaa, ambao Shirika la Biashara Duniani (WTO) liliurithi, una Kifungu cha 20 chenye sababu zinazoiruhusu nchi kuzuia bidhaa. Aya ya (e) inataja bidhaa za kazi ya wafungwa. Watoto wanaotumikishwa, ujira wa kunyonya, haki ya kuunda chama cha wafanyakazi: hivyo havikutajwa. Mawaziri wa biashara wa WTO walipokutana Singapore mwaka 1996 suala la viwango vya kazi walilisukumia Shirika la Kazi Duniani (ILO). Nchi maskini nyingi ziliogopa kwamba matajiri wangetumia haki za binadamu kama kufuli la soko, na hofu hiyo naielewa kabisa. Sasa Ulaya imepitisha sheria ya mwaka 2024 inayopiga marufuku bidhaa za kazi ya kulazimishwa, itaanza kutumika Desemba 2027. Naiunga mkono, ila nawajua wanunuzi: gharama ya kuthibitisha wataiteremsha ngazi kwa ngazi mpaka imfikie mkulima wa Tandahimba, ambaye hajamlazimisha mtu yeyote.

Kwa hiyo nikitaka korosho ambazo najua zilikopita, nanunua hapa. Pakiti za dukani zenye picha nzuri zinaniambia tarehe ya kuisha na uzito, basi.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata wakinunua mashine ya kufungia mifuko. Malipo kwa simu yanapokelewa. Ijumaa wanafunga saa sita mchana. Ukitaka kuanzia kilo tano toa taarifa siku moja kabla, na useme mapema kuhusu chumvi, maana ikishaingia kikaangoni hawarudii.