Bibi wa hadithi yangu: Tabora au Kigoma?

Nina mjane wa miaka 68, wa hadithini tu, anayetaka kuanza upya. Nimweke wapi?

Tabora angefuga nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye miombo, kisha ni kungoja msimu wa kurina. Badiliko la polepole, linafaa riwaya ndefu. Ila wajukuu watamkataza kukwea miti, na mimi nitawaunga mkono.

Kigoma kuna dagaa, kuna makelele ya Kibirizi, mwalo wa samaki. Halafu kuna Liemba: meli iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Mzee gani asiyejiona hapo? Akishakata tiketi tu, sura ya kwanza imejiandika.

Namhamishia Kigoma. Mizinga amwachie shemeji.