Pweza wa kununua: nani wa kwanza, nani wa mwisho

Ukitaja pweza mbichi, wengi wanaona mjadala umekwisha. Haujaisha. Mbichi namweka wa kwanza siku za bamvua tu, tena kwa anayeishi pwani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana, miamba hubaki wazi, na kina mama wa Pemba, Mafia au Kilwa huingia kwa miguu kuwatafuta mashimoni. Hapo pweza ni wengi na bei inashuka. Maji mafu yakishika, yaani bahari isipokupwa sana, aliye kwenye meza ya muuzaji huenda kalala siku kadhaa.

Mguse kabla ya kuuliza bei. Aliyetoka baharini punde, mabaka yake ya kahawia hubadilika rangi chini ya kidole ingawa keshakufa, vikombe vya minyiri, yaani mikono yake, vinanata, na ngozi haichubuki ukiisugua. Ukimkuta mweupe, kavimba na ana utelezi, huyo kalowekwa kwenye maji baridi aongeze uzito. Unalipia maji ambayo yatatoka yote sufuriani. Na hata pweza safi hunywea karibu nusu akichemka, kwa hiyo kilo moja haitoshi nyumba yenye watu sita. Mnyiri mmoja ukiwa umekatika, usimkatae. Mara nyingi ni kazi ya samaki aitwaye mkunga, adui yake wa mwambani. Omba punguzo tu.

Aliye chini ya nusu kilo mwache. Sheria ya Tanzania inakataza kumvua, na pweza hukua haraka mno: miezi michache tu anakuwa mwingine kabisa. Ndiyo maana vijiji kama Kisiwa Panza, huko Pemba, hufunga miamba kwa muda, pweza wasivuliwe. Ukisikia imefunguliwa, nenda na kapu kubwa.

Wa pili ni wa friza, na kwa mtu wa Dodoma, Arusha au Nairobi ndiye wa kwanza bila ubishi. Barafu hupasua nyuzi za nyama, hivyo yule wa friza huiva laini bila kupigwa mchi wala kubamizwa sakafuni hadi majirani wachungulie. Tazama mfuko: ukiona barafu nyingi kama unga, au maji ya rangi yaliyogandia chini, aliwahi kuyeyuka akarudishwa. Huyo achana naye.

Pweza mkavu ni wa tatu, na sipendi anavyodharauliwa. Mloweke usiku kucha, mwage maji, umpike kwa tui zito. Ladha yake ni kali kuliko ya mbichi. Awe mkavu kweli, asiwe na ukungu wala unyevunyevu kwenye mikunjo.

Wa mwisho ni aliyekwisha chemshwa. Kikombe cha supu jioni na vipande vyenye pilipili, ukila palepale kibandani, ni raha. Habari za nguvu za kiume waachie wauza supu. La uhakika ni kwamba gramu 100 za pweza mbichi zina protini kama gramu 15, mafuta gramu 1 hivi, madini ya chuma na vitamini B12 kwa wingi. Kumbeba nyumbani ni shauri jingine: hujui kachemshwa lini wala kapashwa mara ngapi, na akipashwa tena kwako anakuwa mpira.