Ramani ya karatasi au simu? Uzoefu wangu kwenye milima ya Usambara

Kwa safari ya miguu kutoka Lushoto hadi Mtae natumia ramani za topografia (zinazoonyesha miinuko ya ardhi) za skeli 1:50,000, pamoja na simu yenye programu za ramani za Organic Maps na OsmAnd. Vyote navipenda. Ila ukivitumia pamoja bila marekebisho vitakupa majibu mawili tofauti, na wengi hapo huilaumu karatasi kwamba imezeeka.

Tatizo ni datamu, yaani kipimo cha msingi cha umbo la dunia ambacho kodineti (namba za kuonyesha mahali) huhesabiwa kwacho. Ramani zetu nyingi za skeli hiyo zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960, simu inasoma nyingine, WGS 84. Ukichukua kodineti za simu ukazipiga kwenye karatasi jinsi zilivyo, nukta itaangukia takriban mita 300 kusini mwa mahali uliposimama, na kidogo mashariki. Kwenye karatasi ni milimita 6 tu, lakini Usambara mita 300 zinatosha kukuweka upande wa pili wa korongo. Kwa hiyo soma kwanza maandishi ya pembezoni mwa ramani. Vifaa vya GPS vya Garmin vina Arc 1960 kwenye mipangilio ya kodineti: ichague, pamoja na gridi ya UTM (mfumo wa miraba unaopima mahali kwa mita), kanda ya 37 kusini. Kama simu yako haina chaguo hilo, piga nukta kisha isogeze milimita 6 kaskazini na karibu milimita 2 magharibi. Kwa mtembea kwa miguu hiyo inatosha.

Karatasi inashinda kwenye kupanga. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, unaziona zote kwa pamoja, na mahali zinapobanana ndipo penye mteremko mkali. Sentimita 2 ni kilomita 1, lakini usipime kwa rula. Laza uzi ufuate kona za njia, ndipo uunyooshe kwenye skeli. Mimi nahesabu saa moja kwa kila kilomita 5, halafu naongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Angalia pia kama kontua ziko kwa mita au kwa futi, maana karatasi za zamani zina futi, na ukikosea hapo hesabu yote ya kupanda imeharibika. Karatasi moja hufunika dakika 15 za latitudo, takriban kilomita 28, kwa hiyo Lushoto hadi Mtae hazipungui mbili. Ziunganishe kwa kulinganisha namba za gridi kwenye kingo zake kabla ya kuondoka.

Udhaifu wake ni barabara. Mito na miinuko haijahama, lakini barabara mpya na vijiji vilivyokua havimo. Hapo simu ni bora zaidi, na hasa inajibu swali ambalo karatasi hailijibu kwenye ukungu au ndani ya msitu wa Magamba: niko wapi sasa hivi?

Pakua ramani ukiwa bado na intaneti ya uhakika, na kwenye OsmAnd pakua kontua pia, kwa sababu ni faili la pembeni. Google Maps bila mtandao siitegemei kwa miguu: eneo ulilopakua linakupa maelekezo ya gari, ya kutembea hayapatikani. Halafu usiziamini njia zote za miguu zilizomo kwenye programu hizi. Nyingine huishia shambani kwa mtu.

GPS haihitaji intaneti, lakini bila mtandao simu huchelewa kupata setilaiti mara ya kwanza, tena chini ya miti inazidi. Iwashe mahali pa wazi, usubiri dakika kadhaa bila kuhama. Kinachomaliza chaji zaidi ni kioo, siyo GPS. Weka hali ya ndegeni, punguza mwanga, fungua pale tu penye njia panda. Karatasi nayo ikunje ili sehemu ya siku hiyo ibaki juu, uitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Mvua ya Usambara ikiipata kwenye mikunjo, hapo ndipo inapochanika kwanza.