Tiketi za kununua Paris ukienda mara ya kwanza: ianze ipi, uache ipi

Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda Paris kwa siku nne tano ameshamwaga pesa nyingi kabla hajapanda ndege: viza ya Schengen yuro 90, bima ya safari inayodaiwa pamoja na viza, nauli, hoteli. Akifika, anauziwa tiketi kila upande: pasi ya makumbusho, basi la ghorofa, boti, kifurushi cha kila kitu. Mimi nasema kinachokwisha haraka Paris ni saa za mchana, na pesa hufuata nyuma. Kwa hiyo nimezipanga tiketi hizi kwa namna zinavyokuokolea muda. Yoyote inayokufanya ukimbizane na saa nimeishusha, hata kama bei yake inavutia.

Namba moja: tiketi moja moja zenye saa yake

Chagua sehemu mbili au tatu za kulipia ambazo unazitaka kweli. Nunua kila tiketi kwenye tovuti rasmi ya mahali penyewe, chagua siku na saa, yaishe.

Mnara wa Eiffel ndio wa kuwahi. Tiketi za lifti hufunguliwa takriban miezi miwili kabla, na zile za jioni jua linapozama huondoka mwanzo. Ukizikosa usiende kwa mlanguzi. Nunua tiketi ya ngazi: ni ngazi 674 hadi ghorofa ya pili, na mwenye magoti mazima anazimudu akipumzika njiani. Ghorofa ya pili inatosha kabisa. Kutoka hapo bado unaitambua mitaa, mto na madaraja yake, wakati kule kileleni kila kitu kinakuwa kidogo mno.

Louvre, jumba kubwa la makumbusho ya sanaa, ina habari mpya inayotuhusu moja kwa moja. Tangu Januari 2026, mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya wala Norway, Iceland au Liechtenstein analipa yuro 32 badala ya 22. Ni nyingi, kwa hiyo usiingie kwa kupita tu. Chukua saa tatu asubuhi mlango unapofunguliwa, au nenda Jumatano au Ijumaa ambapo hawafungi hadi saa tatu usiku. Jumanne wamefunga. Orsay, jumba jingine la makumbusho ya sanaa, wao hufunga Jumatatu, na wengi hupoteza siku nzima kwa kutojua hilo. Ukifika kwa Mona Lisa utakuta umati umeinua simu mbele ya picha yenye urefu wa sentimita 77 tu. Itazame, kisha geuka nyuma. Ukuta wa upande wa pili una arusi ya Kana aliyoichora Mwitaliano Veronese, karibu mita 10 kwa upana, yenye wanamuziki, mbwa, watumishi na mvinyo unaomiminwa, na mbele yake mara nyingi kuna nafasi ya kusimama kwa raha zako.

Lakini ukiniambia una pesa ya kiingilio kimoja tu, nitakupeleka Sainte-Chapelle. Ni kanisa dogo la mfalme Louis wa Tisa, lililowekwa wakfu mwaka 1248 ili kuhifadhi taji la miiba. Limo ndani ya eneo la mahakama, ndiyo maana ukaguzi mlangoni ni mkali na foleni husogea polepole. Tiketi yenye saa ina faida kubwa hapa. Unaanzia chini, kwenye chumba chenye dari ya chini iliyopakwa rangi ya buluu na dhahabu, na wengine hudhani wameshamaliza. Panda ile ngazi nyembamba ya kuzunguka pembeni. Ukitokeza juu, kuta ni kama hazipo: ni madirisha 15 ya vioo vya rangi, yenye picha zaidi ya elfu moja za hadithi za Biblia, na mwanga mwekundu na wa buluu unaanguka hadi kwenye viatu vyako. Chagua siku yenye jua. Siku ya mawingu vioo hupoteza nusu ya uzuri wake.

Namba mbili: Paris Museum Pass

Inauzwa ya siku mbili, nne au sita, na siku hizo zinahesabiwa mfululizo. Inakuingiza Louvre, Orsay, Sainte-Chapelle, Panthéon wanakozikwa mashuhuri wa Ufaransa, tao la Arc de Triomphe, hadi kasri la Versailles nje ya mji. Mnara wa Eiffel haumo. Na bado unatakiwa kuweka nafasi ya saa Louvre, Sainte-Chapelle na Versailles, kwa hiyo usinunue pasi kabla hujaona kama nafasi za tarehe zako zimebaki.

Baada ya Louvre kupanda bei, hesabu ya pasi imekuwa nzuri kwetu kuliko zamani. Kaa na kalamu, jumlisha viingilio vya sehemu unazozitaka, linganisha. Ikiwa unapenda makumbusho kwa dhati, chukua ya siku nne. Nimeiweka ya pili kwa sababu inawabana watu: mtu anaingia jengo la tano akiwa hoi, eti pesa yake irudi, na mji wenyewe hauoni.

Wazazi, hili ni muhimu: walio chini ya miaka 18 wanaingia bure Louvre, Orsay, Sainte-Chapelle, Arc de Triomphe na Versailles. Msiwanunulie watoto pasi.

Kadi ya usafiri, ambayo huikwepi

Kila kitu kinategemea siku unayofika. Navigo ya wiki inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, haijali umeinunua lini. Bei yake imezidi kidogo yuro 30, na inafika uwanja wa ndege na Versailles. Treni ya kutoka uwanja wa ndege peke yake ni karibu yuro 14, kwa hiyo ukifika Jumatatu au Jumanne na kuondoka kabla wiki haijaisha, usifikirie mara mbili. Beba picha ndogo ya pasipoti, kadi inaidai. Ukifika Alhamisi au baadaye, chukua Navigo Easy na uijaze tiketi za metro, yaani treni za chini ya ardhi, karibu yuro 2.5 kila moja. Kila mtu awe na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita kwa moja.

Kadi hiyo hiyo inakupandisha basi namba 69 kutoka Champ de Mars, chini ya mnara, likipita Louvre na Bastille. Na metro namba 6, kati ya Passy na Bir-Hakeim, inavuka mto Seine juu ya daraja na mnara wote uko dirishani.

Namba tatu: boti ya Seine

Ile ya saa moja, bila chakula. Panda giza likishaingia, upangilie uwe mtoni saa kamili inapogonga, maana ndipo mnara unapometameta kwa dakika 5.

Namba nne: basi la watalii la ghorofa

Kwa kijana mwenye Navigo sioni sababu ya kulilipia. Kwa aliyesafiri na mama au baba mwenye miguu mibovu, lipandishe hadi namba mbili. Metro ya Paris ina ngazi nyingi na lifti chache, na mzee atachoka kabla ya mchana.

Mwisho kabisa ni vile vifurushi vya makumi ya vivutio. Ni ghali, na nusu ya vilivyomo hutavigusa.

Usilipie kabisa

Notre-Dame, iliyofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 2019, ni bure, na kuweka nafasi kwenye tovuti yake ni bure. Anayekuuzia tiketi ya kuingia kanisani humo anakuibia. Sacré-Cœur, kanisa lililo juu ya kilima, pia ni bure, isipokuwa kupanda kwenye kuba lake. Ukishuka kutoka hapo, tembea hadi mtaa wa Château Rouge, kwenye maduka ya Wakongo na Waafrika wengine. Utakuta sombe (kisamvu), samaki wakavu na ndizi za kupika, na pengine Kiswahili cha Lubumbashi au Goma.

Kuhusu malipo, kadi ya benki ya Visa au Mastercard inafanya kazi, na Kenya unaweza kutumia Visa ya mtandaoni ya M-Pesa. Hakikisha jina kwenye tiketi ni lile la pasipoti, zihifadhi kwenye simu zisihitaji intaneti, na uchapishe nakala moja ya karatasi, hasa ukienda wakati wa baridi, kwa sababu betri ya simu huisha haraka nje.