Kisu cha "D2" nilichouziwa Birere

Nimekaa na hasira hii tangu tuliporudi kutoka kisiwa cha Idjwi, acha niitoe. Ukitafuta kisu cha porini hapa Goma na muuzaji akakuonyesha herufi "D2" (jina la aina ya chuma kigumu) zilizochongwa kwenye bapa, mwombe upitishe tupa kwanza. Akikataa, ondoka.

Mimi kisu nakipa kazi nzito. Tukivuka kwenda Idjwi tunalala kwenye hema karibu na ziwa, na mvua ya kule ikianza haina haraka ya kuisha. Kuni zote zinakuwa zimelowa kwa nje. Ili upate moto lazima upasue mkaratusi mpaka uone sehemu kavu ya ndani: unasimamisha kipande, unaweka makali juu yake, unagonga mgongo wa kisu kwa gongo. Kisu kisichovumilia hayo, mimi sikiiti cha porini.

Hiki nilichouziwa kilikutana na fundo moja tu. Kingemeguka ningekielewa. D2 ya kweli ina kaboni karibu asilimia 1.5 na kromi karibu 12. Ikipikwa sawasawa, yaani ikipashwa moto na kuzimishwa, inakuwa ngumu, inashika makali muda mrefu, ila haipendi kugongwa na makali yake huweza kubanduka vipande vidogo. Changu kilipinda! Bapa lililala kushoto na likabaki limelala. Makali yalijikunja kiasi cha urefu wa kidole gumba: ukipitisha ukucha upande mmoja unanasa, upande wa pili unateleza. Watoto wa dada yangu walilala bila kitu cha moto tumboni, na mimi ndiye niliyewaahidi chai.

Nilirudi nacho Birere, sokoni nilikokinunua. Yule kijana aliyeniuzia hata simu hakuishusha. "Papa, kisu ni cha kukata nyama. Kama unataka kuni, tafuta shoka." Kumbe siku ya kuniuzia alikuwa anakipiga juu ya meza mbele yangu, akisema ni cha kisoda, yaani cha wanajeshi, kinakata mpaka msumari! Nikamwomba anibadilishie. Akasema mali ikishatoka hairudi, tena kwa sauti, ili wateja wengine wasikie, na wakacheka. Nikatoa tupa mfukoni nikaipitisha kwenye makali palepale. Ilikula chuma, unga mweupe ukabaki mezani. Kisu kilichopikwa kwa ugumu unaotakiwa, tupa inateleza juu yake au inakikwaruza kidogo tu. Alininyang'anya kisu mkononi: "Utaniharibia soko, papa." Kisha akanirudishia kwa kukitupa. Dola 35 zangu, na mtu ambaye ningeweza kuwa baba yake.

Nilitaka niandike kwamba D2 yote ni uongo. Haitakuwa haki. Nadhani hiki ni inoksi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) laini ya aina ya 420 iliyochongwa jina la watu, na D2 yenyewe haina kosa. Lakini hata ungenipa ya kweli leo, kwa kupasua kuni sitaichukua.

Siku hizi natumia kisu nilichofuliwa na fundi mmoja kwa springi ya gari. Chuma hicho kina kaboni karibu asilimia 0.6, kinaweza kunepa kikarudi, na kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kubeba gari kwenye barabara zetu za mawe. Nilisimama nikamtazama. Alikizimisha kwenye mafuta machafu ya injini, akakisugua mpaka kikang'aa, halafu akakirudisha pembeni ya makaa, taratibu, mpaka manjano hafifu ikaanza kutembea juu ya bapa. Hapo ndipo akakitoa. Asingekirudisha motoni, kingevunjika kwa pigo la kwanza. Hakuandika herufi yoyote juu yake.

Kutu kinashika, sikatai. Ukikiacha na majimaji usiku, asubuhi kina madoa. Mimi nakifuta na kukipaka mafuta ya kupikia. Mvuvi wa pale Kituku, ambaye mikono yake haikauki, simshauri chuma hicho. Yeye achukue inoksi nzuri, na azoee kunoa.

Na kile cha Birere? Nilikinyoosha kwa nyundo, sasa mke wangu anakatia vitunguu. Kinakata vizuri, kinanoleka haraka, doa la kutu hakina. Ala yake pia imeshonwa vizuri kabisa. Kwa jikoni ningekipa sifa... lakini dola 35 kwa kisu cha vitunguu? Hapana! Yule kijana angeniambia ni inoksi laini, ningelipa bei ya inoksi laini na leo ningekuwa nawatuma watu kwake. Alivyofanya, sitanunua kwake hata kijiko.