Bango zuri, herufi moja ikaniaibisha: uzoefu wangu na huduma ya kubuni na kuchapa

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu nilitaka hasira ipungue kwanza. Haijapungua.

Nilihitaji bango la utafiti la kongamano, nikawapa kazi watu hawa kwa kuwa wanabuni na kuchapa wenyewe. Haki yao niwape: mbunifu wao anaijua kazi. Nilimpelekea maneno 1,000 na ushee, akanirudishia yasiyofika 400. Nilinuna. Muhtasari kaufuta, jedwali kaligeuza grafu ya mistari miwili, na ile nyekundu na kijani niliyoipenda kaifanya bluu na chungwa, akinieleza kuwa wapo wengi, hasa wanaume, wasioweza kuzitofautisha. Katikati akaweka sentensi moja tu, tokeo langu kuu, kwa herufi za kumsimamisha mtu anayepita zake. Nilipoiona rasimu kwenye skrini nilifurahi kwelikweli. Ningeandika siku ile, ningewapa nyota tano.

Sasa sikieni. Dozi kwenye utafiti wangu ni mikrogramu 50. Kwenye rasimu niliyoikubali imeandikwa sawasawa, 50 µg. Kwenye bango lililochapwa imeandikwa 50 mg. Miligramu! Mara 1,000 zaidi. Na si kule chini pembeni ambako hakuna anayeinama kusoma. Ni palepale katikati, kwenye ile sentensi kubwa.

Sikuona. Bango lilifika asubuhi ya siku yenyewe, nikalikunjua, nikalibana kwa pini, macho yangu yakakimbilia rangi na kuangalia kama picha zina ukungu. Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mtu mzima. Alisoma kimya, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao wagonjwa wako walipona?" Sikumwelewa. Akaweka kidole chini ya ile m.

Nilijaribu kurekebisha kwa kalamu, wino ukateleza juu ya ule utando wa plastiki ukaacha doa. Nikakata kipande cha karatasi, nikaandika µ kwa mkono, nikakibandika kwa selotepu. Nilikuwa nimejifunza kuyaeleza matokeo yangu kwa dakika 2, nimerudia hadi nayasema usingizini. Sikuyasema hata mara moja. Kila aliyekuja alitaka kujua habari ya kiraka.

Nilipopiga simu, kijana aliyepokea akanijibu, "Kaka, sisi tunachapa kinacholetwa." Kinacholetwa na nani? Alama ile ilitoka kwenye maandishi yangu ikiwa katika fonti ya alama, ambamo herufi m ndiyo inayoonekana kama µ. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, inawekwa nyingine, na m inabaki m. Wangehifadhi PDF yenye fonti ndani yake kabla ya kulipeleka mashineni, yasingetokea. Nilimweleza hivyo. Akasema wateja wengine hawalalamiki, akakata simu.

Nami nina sehemu yangu. Sikudai nakala ya mwisho ya kuhakiki, hata iliyochapwa kwenye A4 tu, na kwa kazi yenye dozi ndani yake nilipaswa kuidai. Basi nyota tatu, kwa ajili ya mbunifu. Lakini nikikumbuka kidole cha yule mama, na ile simu iliyokatwa, tatu ni nyingi mno. Ubunifu wao ndio uliowavuta watu wote wale waje wasome kosa. Nawapa moja.

Siku kadhaa baadaye mbunifu mwenyewe aliniandikia, akaomba radhi bila kujitetea, akachapa bango jingine bila malipo. Haya, mbili, na ya pili ni yake yeye. Kongamano limeshapita. Bango jipya liko nyuma ya mlango ndani ya bomba lake, nimelitoa mara moja tu, kuangalia ile µ. Ipo.