Visu vitatu kwenye meza yangu ya ngozi, Mwanjelwa

Kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, kina kovu lililotokana na kata ya shilingi elfu mbili na mia tano. Kata ni kisu cha wembe mrefu wenye mistari ya kuvunjia ncha makali yakiisha, na hii ilikuwa na kitufe cha kusukuma kwa dole gumba. Nilikuwa nakata ngozi nene ya mkanda, nimekandamiza rula ya chuma, nimeutoa wembe nje sana ili uingie vizuri. Kitufe kikalegea, wembe ukacheza ndani ya ala yake, makali yakapanda juu ya rula. Nilishonwa nyuzi nne na nikakaa siku tisa bila kushika kazi. Siku tisa bila makubazi wala mikanda ni fedha nyingi kwa fundi wa Mwanjelwa hapa Mbeya, na ndiyo maana tangu hapo nimeanza kununua visu kwa akili nyingine kabisa.

Sikuiacha kata. Nilibadilisha aina. Sasa natumia ile ya wembe wa milimita 18 yenye skrubu ya kukaza kwa vidole badala ya kitufe kitupu. Ukishaikaza, wembe haurudi nyuma hata ukikandamiza soli. Zingatia pia kitako ambamo wembe unateleza: kikiwa cha plastiki tupu, kitatanuka baada ya miezi michache; tafuta chenye bati la chuma ndani. Kabla ya kulipa, toa wembe kidogo, kaza, kisha jaribu kuutikisa pembeni kwa kitambaa. Ukicheza dukani, mezani utacheza zaidi. Nyembe za milimita 9 ni za karatasi na bitana, usizipeleke kwenye ngozi ya mgongo wa ng'ombe.

Nilipojua historia ya kifaa hiki nilifurahi sana kama mtu wa viatu. Kilibuniwa Osaka, Japani, mwaka 1956, na Yoshio Okada, aliyeanzisha kampuni ya visu ya OLFA. Mawazo mawili yalikutana kichwani mwake: mafundi viatu wa zamani waliokuwa wakikatia kwa vipande vya chupa, wakivunja upya makali yakiisha, na chokoleti inayokatika kwa mistari. Kwa hiyo wembe wa kuvunja ulizaliwa kwenye meza kama yangu. Ila vile vipande unavyovunja usivitupe chini. Mimi nina kopo la maziwa lenye tundu juu, vinaingia humo na kopo likijaa nalifunga kwa gundi. Watoto wa majirani wanacheza peku hapa nje.

Kisu cha pili nilitengenezewa na mhunzi, kwa chuma cha springi ya lori. Nilikaa naye asubuhi nzima, na nasema wazi kwamba heshima yangu kwa wahunzi imeongezeka. Alikipasha chuma moto mpaka sumaku ikakataa kukishika, akakizamisha kwenye mafuta, kisha akakipasha tena polepole hadi kikapata rangi ya majani makavu. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanaoiruka. Chuma kilichozamishwa tu bila kurudishwa kwenye joto dogo huwa kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Nilimuuliza, "Mzee, nitajuaje kama kisu cha sokoni kimefanyiwa hivi?" Akanipa tupa na kuniambia niipitishe kwenye makali: "Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila, umeuziwa bati." Nimetumia jaribio hilo mara nyingi na halijanidanganya. Kilinigharimu elfu kumi na mbili pamoja na mpini wa mti.

Kasoro yake ni kutu. Mbeya kuna umande, na kuanzia Novemba mvua inakaa hadi Aprili. Usiku mmoja wa kusahau tu, asubuhi unakuta madoa mekundu. Nakipaka mafuta ya cherehani kila jioni. Pia ni kinene mgongoni, hivyo kwa kupunguza unene wa ngozi kwenye ncha za mkanda kinachosha mkono. Kwa kukata soli, sijakuta kinachokishinda.

Cha tatu ni Mora 120 kutoka Uswidi, kisu cha wachonga mbao, makali kama sentimita 6. Shemeji yangu anayeishi Uingereza ndiye aliyeninunulia, akakileta kwenye begi lililopakiwa chini ya ndege, maana la mkononi lingekataliwa. Makali yake yametengenezwa kwa matabaka: chuma kigumu katikati, laini pande zote mbili. Maana yake kwa fundi ni kwamba kinanoleka haraka bila kupoteza ukali haraka. Nakinoa kwenye jiwe la kunolea la namba 1000, halafu la 6000 lililo laini zaidi, namalizia kwa kukivuta kwenye kipande cha ngozi. Kinapunguza unene wa ngozi kama unamenya embe. Mpini ni wa mti, mnene, na haujanichosha hata siku ya oda kubwa.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wenzangu wanalibeba vibaya. Kwenye makundi ya simu inazunguka kauli kwamba kisu chini ya inchi tatu unaruhusiwa kutembea nacho. Hiyo ni sheria ya Uingereza, ya mwaka 1988, na hata huko imenukuliwa nusu. Shemeji alinifafanulia: msamaha ule ni wa kisu cha kukunja, kisichojikaza kwa komeo kikifunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mora yangu ni fupi kuliko hapo, lakini haikunjwi, kwa hiyo hata yeye alihitaji sababu ya msingi kuwa nayo mtaani.

Hapa kwetu Tanzania usitafute rula. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kosa hilo halipimwi kwa urefu wa makali. Kinachoangaliwa ni sababu yako na namna ulivyokibeba.

Nililijua hilo nikiwa safarini kwenda Iringa na mikanda ya kuuza. Basi lilisimamishwa kabla ya Makambako, mizigo ikakaguliwa. Kisu cha springi kilikuwa mfuko wa ndani wa koti, nimekizungushia kitambaa. Afande akakishika, akaniangalia. Nikamwamkia, nikamwambia ni cha kazi, nikamwonyesha mikanda na mikono yangu yenye gundi. Akasikiliza, kisha akasema, "Fundi, cha kazi kikae na kazi." Nikashuka nikakiweka kwenye sanduku la vifaa, ndani ya buti la basi, na safari ikaendelea. Alikuwa na haki. Abiria aliyekaa jirani yangu angejuaje mimi ni fundi?

Kwa hiyo siku hizi nikinunua kisu naangalia na jinsi kitakavyofunikwa. Kata ya skrubu inarudisha wembe ndani wote, nzuri kwa safari. Kisu cha mhunzi kilikuja uchi, na hilo namlaumu mhunzi: kisu bila ala hakijakamilika. Anayeanza kazi ya ngozi leo, namshauri anunue kata ya skrubu kwanza, kisha aende kwa mhunzi na tupa yake mkononi. Mora isubiri mpaka ujue kunoa, la sivyo utaiharibu.

Ala ya kile cha mhunzi nimeishona mwenyewe kwa mabaki ya mgongo wa ng'ombe. Nimeweka utepe wa ngozi ya ziada katikati ya mshono, upande wa makali, ili kisu kikiingia kikate utepe na kiuache uzi salama. Ala hiyo ina miezi minane sasa, na uzi wote bado upo.